Tabaka, jinsia na rangi: kipi ni msingi wa kipi?

Mdadisi

Habari zenu wanajukwaa. Ninaandaa sura ya nadharia juu ya ukosefu wa usawa kazini, na nimekwama mahali pamoja. Katika vitabu nakutana na majibu matatu. La kwanza linasema tabaka ndilo msingi, na kwamba jinsia na rangi ni matokeo yake au mbinu za kuwagawa wafanyakazi. La pili linasema kuna mifumo mitatu, yaani ubepari, mfumo dume na ubaguzi wa rangi, kila mmoja na mizizi yake, kisha inagongana. La tatu linasema havitenganishiki kabisa, vinaumbana.

Ninayotaka kujua ni haya. Je, ugomvi huu unaamuliwa kwa ushahidi au kila mtu anachagua upande wake? Nikiandika kwamba "vinaumbana", nitaonyeshaje, maana naona sentensi hiyo inarudiwa kila mahali bila kuthibitishwa? Na je, tabaka ni utambulisho kama rangi na jinsia, au ni kitu cha aina nyingine?

Majina ninayo ya kutosha. Ninachohitaji ni namna ya kufikiri hatua kwa hatua.

---

Kalamu Nzito

Ndugu Mdadisi, usichague jibu kabla ya kulipasua swali. Neno "msingi" hapo limebeba madai manne, na mabishano mengi hayaishi kwa sababu huyu anatetea dai moja na yule anashambulia jingine.

Kuna dai la chanzo: kwamba ubaguzi wa rangi uliletwa na mahitaji ya ubepari, au utawala wa wanaume uliletwa na mali binafsi. Hilo ni dai la kihistoria, nalo hupimwa kwa tarehe na nyaraka. Kuna dai la kuendelea: kwamba ubaguzi au utawala huo leo unaendelezwa na nini. Haya mawili huchanganywa kila siku. Friedrich Engels, mshirika wa Karl Marx, mwaka 1884 aliunganisha kushuka kwa hadhi ya wanawake na kuzuka kwa mali binafsi. Hata ukimkubalia kuhusu chanzo, haifuati kwamba mali binafsi ikiondoka basi utawala wa mume utaondoka nayo, kwa kuwa jambo lililoanzishwa na sababu moja huweza kushikiliwa na sababu nyingine kabisa. La tatu ni dai la ufafanuzi: kati ya tabaka, jinsia na rangi, kipi kinaeleza sehemu kubwa zaidi ya jambo hili mahususi, iwe ni mshahara, kifungo au vifo vya uzazi. Hapa jibu hubadilika kila jambo linapobadilika, na hakuna aibu katika hilo. La nne ni dai la mkakati, yaani tuanzie wapi kupambana. Hilo ndilo la kisiasa kweli, na mtu anaweza kuamini kwamba tabaka lianze hata kama haamini kwamba tabaka ndilo chanzo.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba madai matatu ya mwanzo yanaamuliwa kwa ushahidi, la nne kwa sehemu tu.

Sasa "kuumbana". Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoijua ni sheria za Virginia, koloni la Waingereza katika Marekani ya leo, katika karne ya 17. Mwaka 1643 Bunge la koloni liliwaweka wanawake Waafrika katika hesabu ya vibarua wanaotozwa kodi, sawa na wanaume, huku wake wa Waingereza wakiachwa nje. Mwanamke mmoja akahesabiwa kuwa mikono ya shambani, mwingine akahesabiwa kuwa mtu wa nyumbani, na nyumba ya Mwafrika huru ikawa na mzigo wa kodi ambao nyumba ya Mwingereza haikuwa nao. Mwaka 1656 Elizabeth Key, ambaye mama yake alikuwa Mwafrika mtumwa na baba yake Mwingereza, alishinda kesi ya kudai uhuru wake. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba kwa sheria ya Uingereza mtoto hufuata hali ya baba. Desemba 1662 Bunge likageuza kanuni hiyo: mtoto atafuata hali ya mama.

Tazama kanuni hiyo moja inafanya nini. Mwanamume Mwingereza anayempa mimba mtumwa hana wajibu wa mzazi, anapata mali. Tumbo la mwanamke mtumwa linakuwa chanzo cha mtaji bila bwana kununua mtu mwingine. Kisha linabaki tundu moja, kwa sababu mtoto wa mwanamke mweupe na mwanamume mweusi atazaliwa huru. Tundu hilo likazibwa mwaka 1691: ndoa za namna hiyo zikaadhibiwa kwa kufukuzwa koloni, na mwanamke Mwingereza aliyezaa nje ya ndoa na mwanamume mweusi akatozwa pauni 15 au kutumikishwa miaka mitano, na mtoto akafungwa utumishi hadi atimize miaka 30.

Swali la nani anamiliki kazi ya nani, nani ni "mweupe", na mwili wa mwanamke uko chini ya ulinzi gani, yote yanajibiwa na kanuni zilezile. Jaribio ninalopendekeza ni la kuondoa. Chukua utaratibu unaoueleza, toa kimoja kati ya hivyo vitatu, uulize kama bado unafanya kazi. Toa jinsia kwenye sheria ya 1662, urithi wa utumwa unakosa njia ya kupita. Toa rangi, huwezi kueleza sheria ya 1691. Toa tabaka, hakuna mwenye sababu ya kujali mtoto ni wa nani. Utaratibu usiosimama bila kimojawapo ndio unaostahili kuitwa wa kuumbana. Kama unasimama, una mifumo miwili iliyokaribiana tu, na lazima uandike hivyo. Si kila kitu kitafaulu jaribio hili, wala hakuna haja kifaulu.

---

Mjamaa wa Kale

Jaribio la Kalamu nalikubali. Nataka kujibu swali la tatu, kwa sababu ndipo sura nyingi za nadharia zinapoharibikia.

Tabaka si utambulisho wa aina moja na hizo nyingine mbili. Fikiria dharau yote dhidi ya wafanyakazi imeisha kesho asubuhi: hakuna bosi anayewacheka, hakuna shule inayowatenga, lafudhi yao inaheshimiwa. Mfanyakazi bado anauza nguvu kazi yake kwa mwenye kiwanda, bado sehemu ya siku analipia mshahara wake mwenyewe na sehemu iliyobaki anamzalishia mwingine thamani ya ziada. Unyonyaji haukuhitaji dharau. Kinyume chake, ukiondoa daraja lote la juu na chini kati ya weupe na weusi, kinachobaki ni tofauti ya ngozi isiyo na maana ya kijamii. Ndiyo maana ukiandika "ubaguzi wa kitabaka" kando ya "ubaguzi wa jinsia" na "ubaguzi wa rangi", umeshageuza uhusiano wa uzalishaji kuwa suala la adabu.

Kosa hili lina tawi lake katika vipimo. Tabaka hupimwa kwa namna mbili. Namna ya ngazi inahesabu kipato au miaka ya shule na kumweka mtu juu au chini. Namna ya uhusiano inauliza mambo matatu: je, anamiliki njia za uzalishaji, kama ardhi, viwanda na mitambo; je, anaamuru kazi za wengine; je, anaishi kwa kuuza nguvu kazi yake? Mwanasosholojia Erik Olin Wright alionyesha faida ya kuyatenganisha maswali haya, kwa sababu msimamizi anaweza kuwa anauza nguvu kazi kama wengine na wakati huohuo anaamuru kazi zao, akawa amekaa mahali penye mgongano. Mtu anayetumia kipato peke yake, akakuta tofauti ya rangi inabaki, akatangaza kwamba "tabaka halitoshi kueleza", hajalipima tabaka. Amepima ngazi ya mishahara, ambayo tayari ni matokeo ya hivyo vyote.

Lakini nisiwapendelee wenzangu. Kusema rangi ni mbinu ya mabepari ya kuwagawa wafanyakazi kunaacha swali zito bila jibu: kwa nini mfanyakazi mweupe anaikubali mbinu hiyo? W. E. B. Du Bois, mwanazuoni mweusi wa Marekani, alilishughulikia mwaka 1935 alipochunguza kipindi cha baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani. Alisema wafanyakazi weupe wa Kusini walilipwa mshahara duni, lakini waliongezewa aina ya mshahara wa hadharani na wa kisaikolojia: waliheshimiwa, waliingia bustani za umma na shule bora, polisi walitoka miongoni mwao, na mahakama ziliwaonea huruma kwa sababu kura zao zilihitajika. Orodha hiyo ina mambo ya moyoni, ila zaidi ina mambo ya kushikika. Shule ni kitu, hukumu nyepesi ni kitu. Kwa hiyo rangi inaingia ndani ya namna watu wanavyoliishi tabaka lao, na mtu wa tabaka lilelile ana kitu cha kupoteza.

Mfano wa pili ni Afrika Kusini. Harold Wolpe, mwaka 1972, aliuliza ilikuwaje migodi ikawalipa wanaume Waafrika mshahara usiotosha kulea familia na bado nguvu kazi isikauke. Jibu lake ni kwamba familia zilibaki katika maeneo yaliyotengwa kwa Waafrika, zikilima. Watoto walilelewa huko, wagonjwa na wazee walirudi huko. Gharama ya kuzalisha nguvu kazi yenyewe, yaani kuzaa, kulisha, kuuguza, ilibebwa nje ya mshahara. Sheria ya Ardhi ya 1913 iliwaachia Waafrika kama asilimia 7 ya ardhi, na ile ya 1936 ikakusudia kufikisha karibu 13. Ardhi ilipochoka na kilimo kikaporomoka, ruzuku hiyo ikaanza kukauka. Kwa Wolpe, siasa za apartheid baada ya 1948 ni jitihada ya kushikilia nguvu kazi rahisi kwa mabavu wakati msingi wake wa kiuchumi unabomoka.

Ni hoja yenye nguvu, na ina shimo katikati. Ni nani aliyekuwa analima huko? Wanawake, kwa kiasi kikubwa. Na kwa nini waliobaki ni wanawake na walioondoka ni wanaume? Wolpe anaichukua hali hiyo kama jambo lisilohitaji maelezo. Belinda Bozzoli, mwaka 1983, alibana hapohapo: bila kueleza mapambano ndani ya kaya, nani ana mamlaka juu ya kazi ya nani kabla mgodi haujafika, huwezi kueleza kwa nini uhamaji wa kazi ulichukua sura ile. Ubepari uliikuta kaya yenye mgawanyo wake wa madaraka, ukautumia.

Mdadisi, ukiweza kuandika ukurasa mmoja unaomsoma Wolpe kisha Bozzoli, utakuwa umeonyesha uhusiano wa vyote vitatu kuliko kurasa kumi za fasili.

---

Wakili wa Hoja

Niongezee upande wa sheria, maana nadharia ya makutano (intersectionality), inayochunguza rangi, jinsia na tabaka zinapokutana kwa mtu mmoja, ilizaliwa mahakamani na wengi wanaisimulia kana kwamba ilizaliwa saikolojia.

Kesi yenyewe ni ya mwaka 1976. Wanawake weusi watano waliishtaki General Motors katika mahakama ya shirikisho huko St. Louis. Kampuni haikuwaajiri wanawake weusi kabla ya 1964. Uchumi ulipodorora ikapunguza wafanyakazi kwa kufuata ukongwe, wa mwisho kuingia akawa wa kwanza kutoka, na wanawake weusi wote walioajiriwa baada ya 1970 wakapoteza kazi. Mahakama ilisema kampuni ilikuwa imeajiri wanawake hata kabla ya 1964, hivyo dai la ubaguzi wa jinsia halisimami. Wanawake hao walikuwa weupe. Kuhusu rangi, mahakama ilishauri dai liunganishwe na kesi nyingine ya ubaguzi wa rangi dhidi ya kampuni hiyohiyo. Ikakataa kuwatambua wanawake weusi kama kundi lenye dai lake, ikihofia kwamba kila mchanganyiko wa makundi ungezaa aina mpya ya wadai.

Hebu tuiweke hesabu kwa namba za kubuni. Kiwanda kina nafasi 200: wanawake weupe 40 ofisini, wanaume weusi 40 karakana, wanaume weupe 120. Ukiuliza "kuna wanawake?", wapo 40. Ukiuliza "kuna weusi?", wapo 40. Maswali yote mawili yanapita na mwanamke mweusi ni sifuri. Kosa haliko katika jibu lolote kati ya hayo mawili, liko katika kuuliza moja baada ya jingine.

Kimberlé Crenshaw, mwanasheria aliyeipa nadharia hii jina lake, aliichambua kesi hiyo katika makala yake ya 1989, pamoja na kesi iliyokwenda upande wa pili: mwanamke mweusi mmoja aliyeishtaki kampuni ya Hughes Helicopters hakukubaliwa kuwawakilisha wanawake wote, kwa kuwa dai lake lilikuwa la mwanamke mweusi. Kwa hiyo katika kesi moja wanaambiwa hawana tofauti inayostahili dai lao wenyewe, katika nyingine wanaambiwa tofauti yao imezidi. Huo ndio mtego aliotaka tuuone. Hoja yake ilihusu namna kanuni za ushahidi zinavyowapoteza watu fulani. Haikudai kwamba mwenye sifa nyingi za kuonewa ndiye mwenye ukweli mwingi, ingawa ndivyo inavyosimuliwa mara nyingi.

Na mtaona ukongwe kazini haukutaja rangi wala jinsia popote. Ni kanuni ambayo vyama vya wafanyakazi viliipigania kwa sababu nzuri, inamlinda mfanyakazi dhidi ya upendeleo wa bosi. Ilibeba ubaguzi wa jana hadi leo bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya siku ya kupunguza watu. Kama sura yako inahusu kazi, tafuta kanuni za namna hii.

---

Takwimu Huru

Mdadisi hujasema kama utatumia takwimu, ila swali la "nitaonyeshaje" litakufikisha huko, kwa hiyo nitaje mitego inayowakamata wengi.

Mtego wa kwanza ni kipimo cha kujumlisha dhidi ya kipimo cha kuzidisha. Tuchukulie mishahara ya kubuni: mwanamume mweupe 100, mwanamume mweusi 80, mwanamke mweupe 75, mwanamke mweusi 60. Kwa kujumlisha, hasara ya rangi ni 20 na ya jinsia 25, hivyo tungetegemea mwanamke mweusi apate 55. Anapata 60, hivyo mwingiliano, yaani tofauti kati ya anachopata na tulichotegemea, ni +5. Kwa kuzidisha, 0.80 mara 0.75 ni 0.60, ndiyo 60 kamili, mwingiliano ni sifuri. Data ni zilezile. Mtu anayechukua logi (logarithm) ya mshahara, na wengi huichukua kwa mazoea, amechagua kuzidisha bila kujua, kisha anaandika "hakuna makutano". Mwingine asiyechukua logi anaandika kwamba mwanamke mweusi ana "nafuu" ya 5, wakati ndiye wa chini kuliko wote. Ripoti makundi yote manne kwa viwango vyake halisi kwanza, ndipo uje kwenye kipengele cha mwingiliano.

Mtego wa pili ni ukubwa wa sampuli. Ukiwa na makundi manne yanayolingana, kosa la kawaida (standard error, kipimo cha kutokuwa na uhakika) la mwingiliano ni mara mbili ya lile la athari kuu, yaani athari ya rangi au ya jinsia peke yake. Kuupata mwingiliano wenye ukubwa sawa na athari kuu unahitaji sampuli mara 4, na ukiwa nusu ya athari kuu unahitaji mara 16. Tafiti nyingi zinazotangaza kutoona makutano hazikuwa na uwezo wa kuyaona hata yangekuwepo.

Wa tatu ndio unaoniuma zaidi. Watu wanadhibiti aina ya kazi, cheo na sekta, yaani wanalinganisha waliolingana kwa hayo tu, pengo linasinyaa, wanasema ubaguzi ni mdogo. Lakini kama wanawake weusi wanasukumwa kwenye kazi za usafi na wanaume weupe kwenye usimamizi, aina ya kazi ni mkondo ambao ubaguzi unapitia. Ukiudhibiti umeuondoa mwenyewe kwenye hesabu. Fanya hesabu zote mbili, na useme wazi kila moja inajibu swali gani: isiyo na udhibiti inajibu pengo lote, yenye udhibiti inajibu pengo lililobaki ndani ya kazi ileile.

Mwisho, makutano ya Crenshaw hayathibitishwi wala kukanushwa na kipengele cha mwingiliano peke yake. Kanuni ya ukongwe aliyoitaja Wakili ingeweza kutoa namba za kujumlisha tu na bado ikawa ni utaratibu unaowapata wanawake weusi kwa namna ya pekee.

---

Mdadisi

Asanteni sana wakuu, hasa kwa hilo la ngazi na uhusiano, nilikuwa natumia kipato bila kufikiri. Maswali mawili tu. Moja, wakosoaji wanasema nadharia ya makutano imelisahau tabaka, tena haina mwisho, kwa kuwa utaongeza umri, ulemavu, dini, hadi kila mtu awe kundi lake. Pili, dhana hizi nyingi zimetoka Marekani. Je, zinasafiri?

---

Kalamu Nzito

Kuhusu kusahau tabaka: lawama hiyo inawastahili baadhi ya wanaoitumia sasa, haiwastahili walioianzisha fikra yenyewe. Claudia Jones, mzaliwa wa Trinidad na kiongozi wa chama cha kikomunisti Marekani, aliandika mwaka 1949 kwamba mwanamke mweusi ananyonywa kupita kiasi akiwa mfanyakazi, akiwa mweusi na akiwa mwanamke kwa pamoja. Alianzia kazi za ndani: wanawake weusi walifungiwa humo na vyama vya wafanyakazi havikuhangaika kuwapanga. Kwake hilo lilikuwa kosa la mkakati wa chama chake, hakuliona kuwa kosa la maadili pekee. Tamko la Combahee River Collective, kikundi cha wanawake weusi wa Marekani, la 1977 lilisema waziwazi kwamba waandishi wake ni wasoshalisti, na kwamba uchambuzi wa Marx wanaukubali lakini wanataka uendelezwe. Anayesema makutano yalianza kama siasa zisizo na tabaka hajausoma ukurasa huo.

Kuhusu kutokuwa na mwisho: orodha haina mwisho ukianza na sifa za watu. Ukianza na utaratibu, ina mwisho. Uliza kanuni hii ya kuajiri, ya kurithi, ya kulipa, inagawa watu kwa mistari ipi. Sheria ya 1662 haikuhitaji umri wala dini ili ifanye kazi yake, kwa hiyo hazimo katika maelezo yake. (Dini iliingia baadaye kidogo: mwaka 1667 Bunge hilohilo lilitamka kwamba ubatizo haumwachi mtumwa huru. Angalia, ni mwanya mwingine uliozibwa.) Leslie McCall, mwaka 2005, alipanga njia tatu za utafiti: wanaovunja makundi yenyewe, wanaochunguza kwa kina kundi moja la makutano, na wanaoyakubali kwa muda makundi yaliyopo na kuyalinganisha ili kuona mapengo. Amua uko wapi, uandike kwenye ukurasa wa kwanza. Mtu anayevunja makundi katika aya ya pili na kuyahesabu katika aya ya tano hasomeki.

---

Msomaji wa Pembeni

Swali la kusafiri ni langu. Jibu fupi ni kwamba njia ya kuuliza inasafiri, makundi yenyewe hayasafiri bila ukaguzi.

Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí alidai mwaka 1997 kwamba katika jamii ya Wayoruba wa Oyo, katika Nigeria ya leo, kabla ya ukoloni, kilichopanga mamlaka kwanza ni ukubwa na udogo: nani alizaliwa mapema, nani aliingia ukoo lini, hata kwa njia ya ndoa. "Mwanamke" kama kundi la jumla lililo chini ya "mwanamume" kama kundi la jumla liliundwa na utawala wa kikoloni. Ifi Amadiume, mwaka 1987, alikuwa ameonyesha kwa Waigbo wa Nnobi kwamba binti aliweza kushika nafasi ya mtoto wa kiume na mwanamke tajiri aliweza kuoa wake, hivyo cheo cha kijinsia hakikufungwa moja kwa moja na mwili. Wote wawili wanastahili kusomwa pamoja na upinzani wao. Bibi Bakare-Yusuf alimjibu Oyěwùmí kwamba kukosekana kwa jinsia katika lugha hakuthibitishi kukosekana kwake katika maisha, na kwamba ukubwa haufanyi kazi peke yake, huchanganyika na mamlaka nyingine. Nami naona hoja ya Bakare-Yusuf ina uzito: mke aliyeingia ukoo akawa mdogo kwa kila aliyezaliwa humo ameshushwa kwa kanuni ya ukubwa, lakini wanaoingia kwa ndoa ni wanawake. Jaribio la kuondoa la Kalamu litakuonyesha hapo jinsia iko ndani ya ukubwa.

Rangi nayo ikaguliwe. Mahmood Mamdani, mwaka 1996, alieleza dola ya kikoloni Afrika kuwa na nyuso mbili. Wachache waliohesabiwa kwa rangi walitawaliwa kwa sheria ya kiraia na wakawa na haki, japo kwa madaraja. Walio wengi walihesabiwa kwa kabila, wakawekwa chini ya sheria ya mila na chini ya machifu. Kwa hiyo kutumia "rangi" peke yake katika mazingira hayo kunapoteza nusu ya utaratibu, kwa sababu kabila ndilo lililokuwa chombo cha kuwatawala walio wengi. Na jinsia imekaa ndani ya chombo hicho. Martin Chanock alionyesha mwaka 1985, kwa nchi zilizokuja kuwa Malawi na Zambia, kwamba "sheria ya mila" ilitungwa kwa sehemu kubwa katika mahakama za kikoloni. Wazee wa kiume walipeleka madai yao juu ya ndoa, uzinzi na wanawake waliokuwa wanaondoka, na madai hayo yakaandikwa kama mila ya tangu zama. Wazee walipata udhibiti uliokuwa unawaponyoka, na serikali ilipata watawala wa bei nafuu.

Kwa hiyo katika sura yako usianze na jedwali la tabaka, jinsia na rangi halafu utafute watu wa kulijaza. Anza na nyaraka za mahali husika: sheria za kazi, sheria za ardhi, kanuni za ndoa na urithi, fomu za sensa. Tazama zinagawa watu kwa maneno gani. Makundi yatatoka humo.

---

Mjamaa wa Kale

Jambo moja ambalo halijaguswa, kwa kuwa sura inahusu kazi: ukifika kwenye mapendekezo utakutana na mgogoro ulioelezwa na mwanafalsafa Nancy Fraser mwaka 1995. Alisema dhuluma za kiuchumi zinadai mgawanyo upya, za kihadhi zinadai kutambuliwa, na jinsia na rangi zimo katika zote mbili. Tatizo ni kwamba dawa hizi huvutana. Mgawanyo unataka kufuta tofauti ya kundi, kutambuliwa kunataka kuipa heshima. Posho maalumu kwa wanawake wa kundi fulani huwapa fedha lakini inaweza kuwachonga kama kundi lisiloshiba, na chuki ikaongezeka. Hivyo akatofautisha dawa zinazorekebisha matokeo na kuacha mzizi, na zile zinazobadilisha muundo unaozaa matokeo. Judith Butler alimpinga mwaka 1997: kugawa "uchumi" huku na "utamaduni" kule ndilo kosa, kwa sababu namna jamii inavyodhibiti familia na mapenzi ni sehemu ya namna inavyozalisha watu, na kuzalisha watu ni uchumi.

Ninavyoona Butler yuko sahihi kuhusu mzizi na Fraser ana manufaa zaidi mezani. Chukua kila pendekezo lako, uandike kando yake linahamisha nini (fedha, saa za kazi, mamlaka ya kuajiri, hadhi ya kisheria), kutoka kwa nani kwenda kwa nani, na ni kazi ipi ya malezi isiyolipwa itakayoongezeka au kupungua. Hilo la mwisho husahaulika sana. Pendekezo la kuwaingiza wanawake kwenye ajira bila kusema nani atalea watoto huishia kuihamisha kazi hiyo kwa mwanamke mwingine mwenye mshahara mdogo, mara nyingi wa rangi nyingine au mhamiaji, na pengo la jinsia litasinyaa kwenye jedwali lako wakati lile la rangi na tabaka kati ya wanawake linapanuka. Kama jedwali halina safu ya wanawake dhidi ya wanawake, hutaliona.